Ikiganiro Bila Mpaka: Uhakiki wa Mijadala ya Hadhara kuhusu Sayansi, Maadili na Utamaduni Kacyiru, Kigali

Ikisiri

Makala hii inahakiki umbo la mihadhara na mijadala ya hadhara inayogusa sayansi, maadili, utamaduni na mahusiano ya kijamii mjini Kigali, hususan katika mazingira ya Kacyiru. Hoja yake kuu ni kwamba udhaifu wa mijadala hiyo hautokani na uhaba wa wasemaji wala wa maarifa. Unatokana na umbo la jopo lililoazimwa, ambalo humpa mtaalamu nafasi ya kueleza na msikilizaji nafasi ya kuuliza tu, na huendeshwa katika lugha ambayo wengi wanaoathiriwa na uamuzi hawaitumii wanapofikiri juu ya maisha yao. Mabishano juu ya umri wa kupata huduma za uzazi wa mpango nchini Rwanda, kati ya mwaka 2022 na 2025, yanatumiwa kama mfano wa msingi.

Utangulizi

Kacyiru, katika wilaya ya Gasabo, ni mahali panapokusanya mamlaka na utamaduni katika kilima kimoja. Hapo ndipo ilipo Urugwiro, ofisi ya Rais, pamoja na Shirika la Utangazaji la Rwanda. Hapo pia ndipo ilipo Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyoanzishwa kwa juhudi za klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga na kufunguliwa mwaka 2012, mwaka uleule kituo cha sanaa cha Inema kilipoanza shughuli zake katika eneo hilohilo. Kwa ujirani huo, neno linalosemwa jioni ukumbini linaweza kufika asubuhi mezani pa mtunga sera. Ndiyo maana umbo la mazungumzo ya Kacyiru si suala la burudani. Linahusu nani anasikika kabla sheria haijaandikwa.

Mikusanyiko ya aina hii ina asili inayojulikana. Mwaka 1992 Marc Sautet alianzisha mikutano ya falsafa katika mkahawa mmoja jijini Paris. Mwaka 1998 Duncan Dallas akaanzisha mikutano ya sayansi ya mkahawani huko Leeds, Uingereza. Katika mikutano yote miwili lengo lilikuwa kumtoa msomi chuoni na kumketisha penye kikombe cha kahawa, miongoni mwa watu wasio na wajibu wa kukubaliana naye. Kadiri umbo hilo lilivyosafiri na kuigwa, kikombe kilibaki lakini uhuru wa kutokukubaliana ukapungua. Mahali pengi limegeuka kuwa jopo: wasemaji watatu au wanne, msimamizi mmoja, na dakika chache za maswali mwishoni.

Umbo na dhana iliyojificha

Jopo lina dhana iliyojificha ndani yake: kwamba watu wakipinga jambo la kisayansi, sababu ni kutojua, na kwamba wakielezwa watakubali. Uingereza yenyewe ilipitia njia hiyo. Ripoti ya Royal Society ya mwaka 1985 kuhusu uelewa wa sayansi kwa umma ilitia mkazo kwenye kuelimisha. Kufikia mwaka 2000, kamati ya Baraza la Mamwinyi ilikuwa ikizungumzia mgogoro wa imani na kutaka majadiliano badala ya mafundisho ya upande mmoja. Kilichobadilika hapo ni utambuzi kwamba mtu anaweza kuielewa sayansi vizuri na bado akawa na sababu ya kimaadili ya kuipinga.

Kinyarwanda kina msamiati unaosaidia kuona tatizo hili. Ikiganiro ni mazungumzo. Ikiganiro mpaka ni mazungumzo yenye mabishano ndani yake. Tofauti ni neno moja tu, lakini ndilo linalobeba uzito. Vivyo hivyo Kiswahili hutenganisha mhadhara, ambapo mmoja husema na wengine husikiliza, na mdahalo, ambapo hoja hujibiwa kwa hoja. Kinachoitwa mjadala katika matangazo mengi ya mikusanyiko hii, kikipimwa kwa vigezo hivyo, ni mhadhara wa watu kadhaa waliokaa meza moja.

Ipo sababu ya kihistoria ya woga wa mpaka nchini Rwanda, na uhakiki wowote unaoipuuza hauna haki. Maneno ya hadharani yaliua. Mwezi Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani viongozi wa redio ya RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura kwa nafasi yao katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Jamii iliyopitia hayo haiwezi kuambiwa kwamba kila ubishi ni afya. Hata hivyo, tahadhari dhidi ya maneno ya chuki ni jambo moja, na desturi ya kuepuka kutofautiana katika kila jambo ni jambo jingine. Ya kwanza hulinda uhai. Ya pili huwafanya watu wakubali ukumbini na kukataa nyumbani.

Mfano: umri wa miaka 15

Mwezi Oktoba 2022, Baraza la Wabunge la Rwanda lilikataa pendekezo la kuwaruhusu vijana wa kuanzia miaka 15 kupata huduma za uzazi wa mpango bila kulazimika kuandamana na mzazi. Mwezi Agosti 2025, bunge lilipitisha sheria mpya ya huduma za afya iliyokubali umri huo wa ridhaa, na ambayo pia ilisimamia teknolojia za kusaidia uzazi, ikiwemo kubeba mimba kwa niaba ya mwingine. Ndani ya miaka isiyofika mitatu, nchi ilivuka kutoka kukataa hadi kukubali. Swali la mhakiki si kama uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi. Swali ni hili: hoja zilikutana wapi katika kipindi hicho?

Upande ulioiunga mkono hatua hiyo ulizungumza kwa lugha ya haki, afya na mimba za utotoni. Upande ulioipinga ulizungumza kwa lugha ya umuco, yaani utamaduni, ya imani, na ya mamlaka ya mzazi. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli la kusema, lakini lugha hizo mbili zilipita kama magari katika barabara ya njia mbili. Umbo la jopo liliruhusu hali hiyo, kwa kuwa halimlazimishi msemaji kurudia hoja ya mpinzani wake kwa uaminifu kabla ya kuijibu.

Kama lingemlazimisha, mambo mawili yangejitokeza. Kwanza, hofu kwamba huduma hizo huwasukuma vijana kuanza ngono mapema ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa: tafiti za nchi mbalimbali kwa ujumla hazikuliunga mkono. Mpinzani angelazimika kulijibu hilo, au kuhamia kwenye hoja yake yenye nguvu zaidi, kwamba hata tendo lisilo na madhara ya kiafya linaweza kudhoofisha uhusiano wa mzazi na mwana. Hoja hiyo haijibiwi kwa takwimu, na muungaji mkono naye angelazimika kuishughulikia.

Pili, neno umuco lenyewe lingechunguzwa. Katika familia ya Kinyarwanda, nyirasenge, yaani shangazi upande wa baba, alikuwa na jukumu la kumfunda msichana kuhusu mwili, ndoa na mahusiano, kama ilivyo kwa ssenga miongoni mwa Waganda na kwa somo katika pwani ya Waswahili. Utamaduni huo ulimpa mtu maalumu kazi ya kulisema jambo, wala haukulifunika kwa kimya. Anayetetea kimya kwa jina la utamaduni anatetea nusu yake. Anayeuweka utamaduni kando kama kikwazo naye anaipoteza taasisi iliyokuwa ikifanya kazi anayoitaka.

Lugha kama mpaka wa ukumbi

Serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamishia elimu katika Kiingereza, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne mwaka 2017. Katika majukwaa ya Kacyiru yanayohusu sayansi, Kiingereza ndicho kinachotawala, kwa sababu zinazoeleweka: wageni, wafadhili na istilahi. Gharama yake hulipwa na maudhui. Kinyarwanda husema kuboneza urubyaro, usemi unaobeba maana ya kuuweka uzazi sawa. Kiswahili husema uzazi wa mpango, na mkazo ukaangukia upangaji. Kwa kubeba mimba ya mwingine, Kinyarwanda husema gutwitira undi, maneno mawili yanayomweka mbele ya msikilizaji mwanamke mwenyewe na yule anayebebewa. Usemi wa namna hiyo huibua papo hapo swali la kimaadili: anabeba kwa ajili ya nani, na analipwa nini? Istilahi ya kigeni huliacha swali hilo lilale.

Kuhusu Kiswahili, pengo ni la kijiografia na la kitabaka pia. Wazungumzaji wake wa miaka mingi mjini Kigali wako zaidi Nyamirambo na Biryogo, mtaa wa kale wa Waislamu na wafanyabiashara, ilhali kumbi za fikra ziko Kacyiru. Lugha iliyotambuliwa na sheria bado haijapandishwa kilima. Ikiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka mijadala ya maadili ya sayansi ivuke mipaka, kutoka Kigali hadi Bujumbura, Goma na Mwanza, hakuna chombo kilicho karibu zaidi ya hiki. Chombo hicho kinahitaji istilahi zilizoandaliwa kabla ya mkutano, si tafsiri ya kubahatisha mbele ya hadhira.

Somo kutoka redioni

Rwanda haikosi mifano ya mazungumzo yaliyofanikiwa. Tamthilia ya redio Urunana imekuwa ikizungumzia afya ya uzazi kwa Kinyarwanda tangu mwaka 1999. Tamthilia nyingine, Musekeweya, iliyoanza mwaka 2004, ilifanyiwa utafiti na mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Vikundi vya wasikilizaji vilifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana, lakini mtazamo wao juu ya mienendo inayokubalika katika jamii ulibadilika, pamoja na utayari wao wa kusema wasipokubaliana na wenzao.

Matokeo hayo hunukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa nguvu ya sanaa. Usomaji huo ni wa haraka. Kundi la kulinganisha nalo lilisikiliza tamthilia ya redio, ila ilihusu afya. Kwa hiyo tofauti haikuletwa na utamthilia peke yake. Iliambatana na maudhui, ambamo wahusika hutofautiana na wenye mamlaka, na jamii yao haivunjiki. Kwa waandaaji wa mijadala somo ni la moja kwa moja: mtu hujifunza kutofautiana kwa kuona kutofautiana kukitendeka kwa heshima. Jopo linalokubaliana kuanzia mwanzo hadi mwisho hufundisha kinyume chake, hata likisheheni maarifa.

Hitimisho na mapendekezo

Neno inteko hutumika nchini Rwanda kwa bunge la taifa, kwa mkutano wa wananchi wa kijijini, na kwa taasisi ya lugha na utamaduni. Lugha yenyewe inakiri kwamba vikao hivi ni vya ukoo mmoja. Kinachokosekana ni njia ya hoja kupita kutoka kikao kimoja hadi kingine. Kwa msingi huo, makala inapendekeza mambo manne.

Kwanza, mjadala juu ya sheria inayogusa mwili na familia ufanyike kabla ya mswada kufika bungeni, na kwa Kinyarwanda kwanza. Pili, kila msemaji aeleze hoja ya upande wa pili mpaka upande huo ukiri kwamba umeelezwa sawasawa, ndipo aijibu. Tatu, maswali ya hadhira yaandikwe na kuchapishwa pamoja na mada, yakiwemo yaliyokosa jibu, kwa kuwa swali lisilojibika ni taarifa muhimu kwa mtunga sera kuliko makofi. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na taasisi za lugha za nchi wanachama ziandae istilahi za maadili ya tiba na uzazi, zikianza na semi ambazo wananchi wenyewe tayari wanazo.

Sheria ya mwaka 2025 sasa inatumika, na mzazi aliyeipinga bado anaishi nyumba moja na kijana anayeihitaji. Kura ya bunge imeamua nani anaruhusiwa kuingia zahanati peke yake. Haijaamua watakachoambiana atakaporudi nyumbani, na hilo ndilo ambalo mjadala wa hadhara, ukipewa umbo na lugha inayofaa, ungeweza kuwaandalia wote wawili.