Kufa Kuzikana: Tanzia na Deni la Walioachwa

Kauli ya kutendana katika neno “kuzikana” ina kitendawili ndani yake. Marafiki wawili huahidiana kuzikana, lakini ni mmoja tu atakayeitimiza ahadi hiyo. Anayetangulia hawezi kulipa, na anayebaki hana wa kumdai.

Ken Walibora aliuteua msemo huo kuwa anwani ya riwaya yake ya mwaka 2003. Humo Akida na Tim, vijana wa makabila mawili yanayohasimiana katika nchi ya kubuni ya Kiwachema, wanashikilia urafiki wao wakati jamii zao zinauana. Mwandishi mwenyewe, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, alifariki tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Tangu tarehe 6 mwezi huo, kwa sababu ya korona, watu walikuwa wamekatazwa kuingia Nairobi na kutoka. Nayo mazishi hayakuruhusiwa kuhudhuriwa na watu zaidi ya 15. Alipozikwa Trans Nzoia, wengi wa waandishi wenzake hawakupata nafasi ya kutia hata konzi ya udongo kaburini. Walichobakiwa nacho ni kalamu, na tanzia zikajaa magazetini.

Tanzia za namna hii zina mkondo wake: mshtuko, lawama kwa mauti, orodha ya vitabu, kisha dua. Mkondo huo una heshima yake, ila una upungufu mmoja. Mtunzi humsemesha marehemu asiyesikia, akamsahau mfiwa aliyeketi kando yake. Tena orodha ya vitabu, hata iwe ndefu namna gani, haitoshi kumtofautisha rafiki na katalogi ya maktaba.

Wabukusu wa Bungoma wana fani inayoelekea kwingine. Baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, msemaji maalumu huitwa kutoa kumuse. Hutembea huku na huko mbele ya hadhira akitaja nasaba na historia, akionya, akiliwaza. Kumuse huwalenga walio hai. Ni kweli kwamba fani hii ni ya wazee wateule, na haiwezi kuhamishwa nzima nzima hadi katika shairi la gazetini. Kinachoweza kuazimwa ni uelekeo wake.

Walibora mwenyewe alikwisha kuudokeza uelekeo huo katika Siku Njema (1996). Kongowea, aliyefiwa na mama, haachwi Tanga akilia. Msanii anampa safari ya kwenda Kitale kumtafuta baba, na msiba wake unageuka kuwa mwendo wa kuwaendea walio hai.

Hapa ndipo kitendawili cha “kuzikana” kinapofumbuliwa. Deni lisilolipika kwa marehemu hulipwa kwa wenzi waliobaki: kwa kusoma miswada yao, kuwakosoa bila kuwavunja moyo, na kuwalea chipukizi. Kazi za marehemu nazo zastahili kusomwa kwa haki, ubora na dosari pamoja. Sifa tupu humzika mwandishi mara ya pili, na safari hii mikononi mwa rafiki zake.