Walimu wa Wodi na Watani wa Njia Kuu

Nawapongeza kwa moyo wote walimu wa saikolojia wanaowaandaa wauguzi na matabibu mkoani Tabora. Somo lao hudharauliwa kando ya anatomia, na hilo si haki.

Mgonjwa akifika hospitali ya Kitete au ya Nkinga, mara nyingi ameandamana na mama mkwe, kaka, na maelezo ya mganga aliyemwona kwanza. Muuguzi anayeanza kwa kukemea hatajua ni dawa zipi zilishanywewa. Anayeuliza kwa upole ataambiwa. Upole huo hufundishwa, tena kwa bidii. Nawaheshimu zaidi walimu wanaomfuata mwanafunzi wodini anaposhuhudia kifo kwa mara ya kwanza, wakamuuliza naye hali yake.

Mwaka 1977 daktari George Engel wa Marekani aliandika kwamba ugonjwa hauelezeki kwa mwili peke yake; nafsi na jamii zimo pia. Unyamwezi ulikwisha kuliishi jambo hilo. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshika njia ya Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, walifungamana kwa utani na watu wa njiani, Wazaramo wakiwamo. Mtani alisaidia mazishi, akawa na ruhusa ya kumchekesha mfiwa pale ambapo ndugu wa damu hakuthubutu. Desturi hiyo ingali hai misibani. Mwalimu anayeanzia hapo anapozungumzia faraja na msaada wa jamii humkuta mwanafunzi akiwa na mifano ya nyumbani kwao, na darasa zima huanza kusimulia.