Goti Mikononi mwa Fundi

Fundi mzuri wa goti haanzi na goti linalouma. Huanza na lile zima. Mgonjwa amelala chali, suruali imepandishwa hadi mapajani, na mtaalamu wa fiziotherapia anaushika kwanza mguu usio na shida yoyote. Anaupinda, anaunyoosha, anauvuta kidogo, anauachia. Mgonjwa hushangaa, na wengine hukosa subira kabisa: "Daktari, ni huu mwingine." Lakini magoti ya watu hayalingani. Wapo waliozaliwa na viungo vilivyolegea, wakisimama magoti yao hubonyea nyuma kidogo tangu utotoni, na wapo waliokakamaa wakiwa bado vijana. Goti zima la mtu ndilo kipimo cha goti lake lililoumia. Nimewatazama watu wengi wakiifanya kazi hii, na anayeanza hivi huwa nimeshamwamini kabla hajaligusa lile bovu.

Kabla ya kugusa, ameshauliza, na swali lake kubwa ni la saa: goti lilivimba lini? Kijana wa ndondo aligeuka ghafla akiufuata mpira, njumu ikabaki imeng'ang'ania ardhini, akasikia kitu kikilia "pa" ndani ya goti, na kabla mechi haijaisha goti lilikuwa limejaa. Uvimbe wa upesi namna hiyo mara nyingi ni damu, na damu ndani ya goti mara nyingi hutoka kwenye kano ya mbele iliyokatika. Mama aliyekuwa amechuchumaa akiosha vyombo, akainuka huku anageuka, anasimulia habari nyingine: liliuma, akaendelea na kazi, asubuhi akaamka limevimba. Hapo fundi anaifikiria meniskasi, gegedu ambayo sehemu yake kubwa haipati damu, hivyo hata ikichanika uvimbe huja polepole. Abiria wa gari ambaye goti lake lililokunjwa liligonga dashibodi anamfanya aitazame kano ya nyuma. Ukiyasikiliza maswali haya bila kujua, utadhani ni mazungumzo ya kupitisha muda.

Ugumu wa kazi umo katika maumbile yenyewe. Kwenye nyonga, kichwa cha fupa la paja kimeingia ndani ya kikombe cha mfupa, na mifupa yenyewe inashikana. Goti halina kikombe. Ncha mbili za mviringo za fupa la paja zimekaa juu ya mfupa wa muundi, ambao kwa juu ni kama bapa tu. Kinachozuia mguu usiteleze ni kano na misuli. Kano mbili zimepita ubavuni, moja ndani na moja nje. Mbili nyingine zimo katikati kabisa, zinapishana kwa msalaba: ya mbele inauzuia muundi usikimbilie mbele, ya nyuma inauzuia usirudi nyuma. Kati ya mifupa kuna meniskasi mbili, gegedu ngumu zilizopinda nusu duara, ambazo huutandaza uzito wa mwili ili usielemee sehemu moja. Mbele kuna pia ya goti, iliyomo ndani ya kano ya misuli mikubwa ya paja. Inaisukuma kano hiyo mbali na kiungo ili msuli upate nguvu ya kunyanyua, na gegedu iliyo mgongoni mwake ni miongoni mwa gegedu nene kuliko zote mwilini.

Wengi hudhani goti hujikunja na kujikunjua tu. Kwa kweli fupa la paja hubingirika juu ya muundi na kuteleza kwa wakati mmoja. Lingebingirika tu, lingefika ukingoni na kuanguka. Halafu kuna zile nyuzi chache za mwisho, goti linapokaribia kunyooka kabisa. Mguu ukiwa chini, fupa la paja hujizungusha ndani kidogo, kano zote zinakaza, na goti linajifunga. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama foleni saa nzima bila misuli ya paja kuchoka. Kulifungua kunahitaji msuli mdogo uliojificha nyuma ya goti, popliteasi, unaoanza kulizungusha goti kinyume kabla halijaweza kukunjwa. Mpango huu mimi sijaacha kuustaajabia, na fundi anaufuata kwa vidole vyake mgonjwa baada ya mgonjwa.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1976 daktari Joseph Torg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, walikieleza kwa maandishi na kukipa jina la mwalimu wao, John Lachman. Goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unashika paja juu ya goti na kulituliza, mwingine unashika muundi kwa juu, dole gumba likiwa mbele karibu na kiungo. Kisha fundi anauvuta muundi mbele, kwa wepesi na bila kishindo. Anasikiliza mambo mawili: umesogea kiasi gani, na umesimamaje. Kano nzima husimama ghafla, kama kamba ya tanga upepo unapoijaza na kuikaza. Iliyokatika haina kusimama huko. Muundi unaendelea mbele, laini, hadi nyama nyingine ziuzuie.

Kipimo cha zamani, cha kulikunja goti nyuzi 90 na kuvuta, bado kinafundishwa na bado kinatumika. Nakiona dhaifu. Goti lililojaa damu halikubali kukunjwa hivyo, na misuli ya nyuma ya paja katika mkao ule inavuta kinyume na mkono wa fundi hata mgonjwa asipokusudia.

Na hata kipimo cha Lachman kitaficha ukweli ikiwa mgonjwa amejikaza. Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Fundi anaweka taulo iliyokunjwa, au paja lake mwenyewe, chini ya goti la mgonjwa ili mguu ulale kwa uzito wake wote. Anamuuliza habari za timu. Anangoja. Anaupapasa msuli wa nyuma ya paja kujua kama umelegea, na usipolegea havuti. Asiye na uzoefu huvuta mara tano, na kila mara anamtia mgonjwa hofu zaidi. Mzoefu huvuta mara moja kwa wakati wake.

Kuna mtego mwingine. Kano ya nyuma ikikatika, muundi hurudi nyuma wenyewe mgonjwa akilala. Ukiuvuta mbele utasogea sana, nawe utasema kano ya mbele imekatika, kumbe mfupa umerudi tu mahali pake. Ndiyo maana kabla ya kuvuta chochote fundi humwambia mgonjwa akunje magoti yote mawili, nyayo zikanyage kitanda, kisha anainama na kuyatazama kwa ubavuni. Muundi mmoja ukiwa umezama kuliko mwenzake, jibu limepatikana kwa macho.

Ajali ya bodaboda ina sharti lake: kwanza mkono unakwenda juu ya unyayo kutafuta mapigo ya damu. Mshipa mkubwa wa damu umepita nyuma kabisa ya goti, na goti lililofyatuka linaweza kuukata au kuuziba. Kano zinaweza kusubiri, mguu usiopata damu hauwezi.

Wapo wanaosema MRI imeyamaliza haya yote. Naiheshimu mashine hiyo, lakini huutazama mguu uliotulia, na goti huumia likiwa katika mwendo. Tena picha huonyesha mengi kuliko yanayouma. Huko Framingham, Massachusetts, watafiti waliwapiga MRI ya goti watu wa kawaida wa miaka 50 hadi 90, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu yoyote ya goti mwezi uliotangulia. Mkono ndio unaosema kama mchaniko ulio kwenye picha ndio unaomuumiza mtu huyu, na mwenye fedha ya kipimo anauhitaji mkono huo sawa na asiye nayo.

Na siku nyingine goti halina kosa lolote. Mtoto wa miaka 12 anachechemea wiki ya tatu sasa, anasema goti, anaonyesha goti, nyumbani wamemkanda goti kwa maji ya moto. Fundi analipima lote na kulikuta zima. Hamrudishi nyumbani na dawa ya kuchua. Anapanda juu, analikunja paja kuelekea tumboni, na kuona kwamba kadiri linavyokunjwa ndivyo linavyojigeuza nje lenyewe. Kichwa cha fupa la paja kimeteleza kwenye sehemu yake ya kukulia, na kwa kuwa nyonga na goti zinashirikiana mishipa ya fahamu, maumivu yamejitokeza chini. Mtoto hakanyagi tena mguu ule. Anabebwa kwenda eksirei ya nyonga, siku hiyohiyo, na daktari wa mifupa anaitwa.