Maji Mikononi mwa Nani? Uhusika na Ishara katika "Kinjeketile", kwa Kumzingatia Msomaji wa Nyaramba

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano uliopo baina ya wahusika na ishara katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, "Kinjeketile", iliyochapwa mwaka 1969. Tamthilia hii imesomwa katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 50, na katika muda huo imejijengea mazoea yake ya kuhakikiwa. Mwanafunzi akiulizwa maji ni ishara ya nini, hujibu kwamba ni ishara ya umoja. Akiulizwa Kinjeketile ni mhusika wa namna gani, hujibu kwamba ni shujaa. Na aliye mkaidi kidogo hujibu kwamba ni mwongo. Majibu hayo hayastahili kupuuzwa, kwani kila moja lina ushahidi wake katika matini. Kasoro yake ni kwamba yanatenganisha mambo mawili ambayo mwandishi ameyafuma pamoja. Maoni yetu ni kwamba maji katika tamthilia hii hayana maana moja iliyotulia. Maana yake hugeuka kadiri yanavyopita kutoka mkono hadi mkono, na kila mhusika hujulikana kwa namna anavyoyashika.

Tutaijadili hoja hiyo tukimweka mbele yetu msomaji wa mahali mahususi, yaani Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira. Tumemchagua kwa sababu Wagusii wana simulizi zao za manabii na za vita dhidi ya wakoloni, ambazo zimekaribiana mno na mambo yanayosimuliwa katika tamthilia. Simulizi hizo zaweza kumsaidia msomaji kuona yale yaliyofichwa na mazoea ya darasani. Zaweza pia kumpotosha asipojihadhari.

Chanzo cha mazoea

Desturi ya kuisawazisha ishara na maana moja haikuzuka hivihivi. Imetokana na kazi ambazo zenyewe zinaidai. Katika "Kusadikika" ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, jina la mhusika ni ufunguo wa tabia yake. Majivuno, waziri anayeshtaki, amejaa majivuno; Karama, mshtakiwa anayejitetea, amejaliwa karama ya kusema. Msomaji anayeligeuza jina kuwa sifa hakosei, maana ndivyo mwandishi alivyokusudia asomwe. Istiari ya Kusadikika imejengwa ili ifunguliwe.

Shida huanza ufunguo huohuo unapopelekwa kwenye mlango mwingine. Hussein hakuandika kwa utaratibu huo. Hata katika "Mashetani" ya mwaka 1971, Juma na Kitaru wanapocheza mchezo wa shetani na binadamu, ushetani haumkai mtu mmoja moja kwa moja. Hutegemea nani anacheza nafasi gani mbele ya nani. Ishara kwake ni uhusiano baina ya watu. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kuijua hana budi kuanza na watu hao.

Historia na tamthilia

Yafaa kwanza tutofautishe Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitangaza maji yake yapata mwaka 1904, baada ya kupagawa na mzimu uliojulikana kwa jina la Hongo. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Wajerumani huko Umatumbi. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakuuona mwisho wake.

Hussein amemwacha hai hadi baada ya kushindwa. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu. Kwa kumwongezea nabii siku za kuishi, amemlazimisha akutane na matokeo ya neno lake. Mtu aliyenyongwa mapema hawezi kuulizwa na wajane. Kinjeketile wa tamthilia anaulizwa, na tanzia yote imesimama juu ya swali hilo.

Maji na wanaoyashika

Tukiyafuata maji tangu mwanzo wa tamthilia hadi mwisho, tutaona yanapita katika mikono minne.

Mikono ya kwanza ni ya Kinjeketile mwenyewe akiwa amepagawa. Hapa maji ni amana. Yametoka kwa Hongo, naye ni chombo tu cha kuyafikisha. Lakini pamoja na maji yanatoka maneno kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili inapomrudia, maneno hayo yanamtia mashaka makubwa: kumtoa Mjerumani ili utawaliwe na Sultani ni kubadilisha bwana. Kuanzia hapo Kinjeketile ni mtu aliyegawanyika, nabii anayeutilia shaka unabii wake. Huyu si mhusika bapa hata kidogo, na anayemwita shujaa au mwongo amemkata nusu.

Mikono ya pili ni ya umma. Watu wa makabila yaliyokuwa hayaelewani wanayapokea maji na kuwa kitu kimoja. Hapa ndipo jibu la darasani lilipo na ukweli wake. Lakini tazama gharama yake: maji yakiisha kuwa ya umma, hayamsikilizi tena aliyeyaleta. Kinjeketile anataka wangoje, wao hawangoji. Neno limemkua aliyelizaa, na linamwamuru badala ya kuamriwa naye.

Mikono ya tatu ni ya Kitunda. Kwake maji ni nyenzo. Yamewakusanya watu, nao wakikusanyika yawezekana kuwafunza vita. Kitunda anaupima uwezo wa jeshi kwa macho ya mpiganaji, na ndiyo maana yeye ndiye mwepesi wa kuyaweka chini maji yanapokuwa hayafai tena. Tofauti ya hawa wawili haihusu imani na ukafiri. Mmoja anajiona kuwa mdaiwa wa neno. Mwingine anajiona kuwa mtumiaji wake.

Mikono ya nne ni ya afisa wa Kijerumani. Yeye hayaogopi maji. Bunduki za rashasha zimekwisha kuyajibu. Hata hivyo anataka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uwongo. Kwa nini mshindi amsumbue mfungwa kwa jambo ambalo risasi zimelithibitisha? Ni kwa sababu anajua kwamba ungamo hilo litavuka maji na kufikia vita vyenyewe: watoto wataambiwa kwamba kumpinga mtawala kulikuwa kosa. Kinjeketile naye analijua hilo, na anakataa.

Kwa hiyo maji ni amana, ni umoja, ni nyenzo, na mwishoni ni ushahidi unaogombewa na mshindi na mshindwa. Mwanafunzi anayeandika neno "umoja" pekee amesoma mikono miwili ya kwanza na kuiacha miwili ya mwisho.

Msomaji wa Nyaramba

Sasa tumwendee msomaji wetu. Mwaka huohuo wa 1905, Waingereza walipeleka jeshi dhidi ya Wagusii, na watu wenye mikuki na ngao wakakutana na bunduki ya rashasha. Mwezi Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa utawala, ambaye alipona. Adhabu iliyofuata ilikuwa ya kuua, kuchoma nyumba na kuteka ng'ombe. Simulizi zinamtaja Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, kuwa ndiye aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Kabla yao alikuwapo Sakagwa, nabii anayesemekana kutabiri ujio wa wageni weupe na kujengwa kwa mji mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Na wako walioamini kwamba hakufa bali angerejea.

Simulizi iliyo karibu zaidi na tamthilia ni ile ya Mumbo. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego, katika nchi ya Waluo, alisema amemezwa na joka kubwa la Ziwa Nyanza, kisha likamtema akiwa mzima na kumtuma atangaze kwamba Wazungu wataondoka. Imani hiyo iliingia Gusii na kuchanganyika na tumaini la kurudi kwa Sakagwa. Serikali ya kikoloni iliwaandama wafuasi wake, na baadhi ya viongozi wakahamishwa hadi Lamu. Msomaji anayeijua habari hii hatashangazwa na mtu anayezama mtoni na kuibuka na ujumbe. Kwake mzimu wa majini haukutungwa kwa ajili ya jukwaa tu. Ni namna mojawapo ambayo watu walionyang'anywa kila kitu walipata pa kusimama.

Faida yake ni mbili. Kwanza, anajua kutokana na simulizi za kwao kwamba utabiri haubaki mali ya mtabiri. Maneno ya Sakagwa yalitumiwa na watu wa Mumbo zaidi ya miaka 10 baada ya yeye kutoweka, kwa kazi ambayo hakuwapo kuikubali wala kuikataa. Hicho ndicho Kinjeketile anachokiona kwa macho yake. Pili, Moraa anamwezesha kuuliza swali ambalo uhakiki wetu umelipitia kwa haraka. Tamthilia inaanza na wanawake wakizungumzia njaa. Wao ndio wanaoyaonja mateso kabla ya yeyote kutaja vita. Lakini uamuzi juu ya maji haupitii kwao. Katika simulizi za Gusii, mwanamke ndiye aliyetoa neno na mwanamume akalibeba. Kukosekana kwa Moraa wa Umatumbi katika "Kinjeketile" ni jambo la usawiri linalostahili kuchunguzwa, wala tusilifunike kwa kusema kwamba historia ndivyo ilivyokuwa, maana tumekwisha kuona kwamba mwandishi hakufungwa na historia.

Hatari nayo ipo. Msomaji huyu aweza kumgeuza Kinjeketile kuwa Sakagwa mwingine, kisha akapima tamthilia kwa kipimo cha nabii: je, alilosema lilitimia? Kwa kipimo hicho Sakagwa anafaulu, kwa kuwa wageni walikuja na mji ukajengwa, na Kinjeketile anaanguka, kwa kuwa risasi hazikugeuka maji. Lakini Hussein hatuulizi kama maji yalifanya kazi. Jibu la swali hilo tunalo kabla ya pazia kufunguliwa. Anatuuliza mtu afanye nini na neno lililoshindwa ambalo bado lina watu ndani yake.

Swali linalobaki

Hapa hatuna budi kuipinga tamthilia kidogo. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa katika Maji Maji na katika njaa iliyofuata walifika kati ya watu 250,000 na 300,000. Kinjeketile anapokataa kuungama, analihifadhi neno kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Je, waliobaki hai, waliozika waume na wana wao kwa kuyaamini maji, hawakustahili kuelezwa ukweli na mtu wa kwao, kwa faragha, mbali na masikio ya afisa? Tamthilia haitupi mandhari ya namna hiyo. Inampa Kinjeketile uchaguzi wa aina mbili tu: kuungama mbele ya adui au kunyamaza. Ukuu wa mwisho wake umepatikana kwa kuiacha nje njia ya tatu, na wale waliokuwa na haki ya kuidai ndio haohao waliotolewa jukwaani mapema, yaani wanawake wa mwanzo na njaa yao.

Kusema hivi hakuipunguzii kazi hii hadhi yake. Tanzia iliyo kamili humwachia mtazamaji deni, na "Kinjeketile" inatuachia. Tunapendekeza kwamba mwalimu wa fasihi, awe Nyaramba au kwingineko, asianze somo kwa kuuliza maji ni ishara ya nini. Na aulize katika kila onyesho: sasa maji yako mikononi mwa nani, ameyapata kwa nani, na nani hakuulizwa? Mwanafunzi atakayeyajibu hayo atakuwa amechambua wahusika na ishara kwa pamoja. Huenda pia akaenda nyumbani kumuuliza bibi yake habari za Moraa, akarudi darasani na swali ambalo mwalimu hakulitayarishia jibu.