Istilahi ya "Kiraka" Katika Taarifa za Ukaguzi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuzoeleka ni "kiraka", yaani kipande cha programu kinachotolewa na mtengenezaji ili kuondoa kasoro katika programu inayotumika. Neno ni fupi, ni letu, na maana yake haimsumbui msomaji. Hata hivyo, linapoingia katika taarifa za wakaguzi yafaa lichunguzwe upya.

Kiraka cha fundi cherehani huonekana: nguo hubaki ile ile, na kipande hushonwa juu ya tundu. Kiraka cha kompyuta sivyo. Mara nyingi huondoa faili zima na kuweka jingine lenye jina lile lile. Huweza pia kubadili majedwali ya data na haki za watumiaji. Kwa hiyo sentensi "kiraka kimewekwa" humweleza mkaguzi kwamba kazi imefanyika, wala haimwelezi kilichobadilika.

Jambo hili si la maneno matupu. Mwaka 2020 masasisho ya programu ya Orion, ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, yalisambazwa yakiwa na faili lililopenyezwa msimbo wa wadukuzi. Yalikuwa na saini halali ya mtengenezaji. Daftari lililoandika "kimewekwa" lilisema kweli, lakini halikutosha. Orodha ya mafaili yaliyobadilika peke yake isingefichua hila hiyo. Ingempa mkaguzi mahali pa kuanzia.

Udhaifu wa pili umo katika tafsiri "vitu vilivyoguswa na kiraka". "Kitu" ni pana mno, na kugusa si kubadili. "Vilivyorekebishwa" nayo haifai, kwani kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika. Neno hilo hutoa hukumu kabla mkaguzi hajaitoa.

Kwa maoni yetu "kiraka" kibaki, ila kisisimame peke yake. Tunapendekeza "kijenzi cha mfumo" badala ya "kitu", pamoja na vitenzi vitatu visivyochanganywa: kuongeza, kubadilisha na kufuta. Hapo taarifa itasomeka: "Kiraka hiki kimeongeza vijenzi 2, kimebadilisha 5 na kufuta 1", kisha majina yafuate.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.