Safari ya Ncha ya Kusini Inaandalika Mikumi

Binti wa Kilosa akisema anataka kwenda kwenye barafu, jibu analopewa ni moja: anza na Kilimanjaro. Kwa anayelenga Everest, ushauri huo ni sahihi. Kwa anayetaka kwenda peke yake Ncha ya Kusini, nadhani aanze na tairi kuukuu.

Rawan Dakik alifika kilele cha Everest Mei 2021, akiwa na miaka 20, Mtanzania wa kwanza mwanamke kufika pale. Katika mita 8,848, kila pumzi huingiza takriban theluthi tu ya oksijeni ipatikanayo Dar es Salaam. Mwili huzoeshwa kwa kupanda juu kisha kushuka kulala chini, kwa wiki kadhaa. Milima ya jirani na Kilosa, Ukaguru na Rubeho, haifiki hata mita 3,000. Damu haiwezi kujifunza kazi hiyo pale. Tena huko juu hakuna kwenda peke yako: Kilimanjaro haipandwi bila mwongozaji, na Nepal ilipiga marufuku upandaji wa mtu mmoja mwaka 2017.

Barafu ya Kusini ni kazi nyingine. Preet Chandi, mwanajeshi wa Uingereza, alifika Nchani peke yake tarehe 3 Januari 2022, baada ya siku 40 na takriban kilomita 1,100, akikokota sleji ya kilo 90 hivi yenye hema, chakula na mafuta. Nyumbani alijiandaa kwa kukokota matairi. Tairi husuguana na ardhi, likarudisha nyuma kila hatua kama sleji kwenye theluji laini. Mkanda ukae kiunoni, usining'inie mabegani. Kamba iwe ndefu. Ikiwa fupi, tairi huinuka mbele na uzito unapungua. Mji wa Mikumi, wilayani Kilosa, umekaa kando ya barabara kuu ya malori ya Zambia, matairi yaliyochakaa hayakosekani, na vumbi la kukokotea lipo tele.

Kisichopatikana ni baridi. Kwenye barafu jasho ni hatari: hulowesha nguo, na ukisimama tu linaganda. Inabidi ujue kupunguza mwendo na kuvua nguo moja kabla hujatota. Joto la Kilosa halifundishi hilo hata kidogo. Chandi mwenyewe alikwenda kujifunza Norway na Greenland.

Kwa hiyo anayetaka kumfadhili binti wa huku asimnunulie kwanza tiketi ya Kilimanjaro. Amlipie mafunzo ya barafu. Nguvu za miguu na kiuno atakuwa ameshazipata nyumbani.