P0171 haikusema «nunua kaptere»

Wandugu, leo nachambua kitu ambacho wengi wetu tuko nacho: ile skana ndogo ya Bluetooth ya kuchomeka chini ya usukani, pamoja na programu yake mu telefone. Inauzwa dola chache, lakini sifa zake ni kubwa: eti utajua ugonjwa wa gari ukiwa nyumbani, na fundi hatakudanganya tena. Sifa hizo ni nusu kweli. Nusu ingine tuliilipa.

Yaya wangu anaishi kwa taxi hapa Tenke. Mwezi wa tano taa ya moteri iliwaka. Mimi, mwenye lisansi ya agronomia, nikachomeka skana, nikasoma P0171. Chini yake programu ikapanga orodha ya sababu, na ya kwanza ilikuwa kaptere ya oksijeni. Nikamwambia: «Yaya, nimeiona. Tununue kaptere.» Akatoa makuta ya minervale ya watoto. Tukaweka kaptere mpya, nikafuta kode, taa ikazima. Siku mbili kisha, ikarudi.

Mzee mmoja wa garaji alifungua kapo, akasikiliza, akauliza: «Hii mluzi hamuisikie?» Tiyo ndogo ya mupira ilikuwa imepasuka. Moteri ilikuwa inavuta hewa isiyopimwa. Tiyo mpya haikufika hata bei ya sahani ya bukari.

Sasa tuhukumu. Kode yenyewe haikusema uongo. P ni upande wa moteri, 0 ni kode ya pamoja kwa watengenezaji wote, 1 ni mambo ya esansi na hewa, na 71 ya mwisho inasema mchanganyiko ni maskini: hewa nyingi, esansi kidogo. Basi. Haitaji piyesi ya kununua. Kaptere ya oksijeni njo shahidi aliyeona jambo. Siye tukamfukuza shahidi.

Kosa la programu ni kugeuza dalili kuwa orodha ya soko. Nami sikupaswa kuanguka mule. Majani ya chini ya mahindi yakigeuka manjano toka kwenye ncha, kupitia katikati, tunasema azoti imepungua. Lakini kama maji yamesimama shambani na mizizi haipumui, umwage gunia nzima ya urea, bado majani yatabaki manjano. Kwenye shamba ningechimba kwanza, nione mizizi. Kwenye gari nilikimbia kununua.

Kosa la pili ni ile batoni ya kufuta, ambayo iko karibu sana na kidole. Kode inapoingia, gari inahifadhi pia hali ya wakati ule: mwendo, joto la maji, mzigo wa moteri. Ukifuta, hayo yote yanaenda. Nilifuta ushahidi mbele ya kuusoma.

Lakini tusiitupe skana. Ukurasa wake mzuri kuliko yote hauna majina ya piyesi, una hesabu tu: asilimia ambayo moteri inaongeza ao kupunguza esansi. Karibu na 0 ni sawa. Ikipanda kupita 15 moteri ikiwa ralanti, kisha ishuke ukikanyaga, tafuta kwanza fasi hewa inaingilia. Ukurasa huo ulikuwa mu telefone yangu siku yote ile. Mujue pia kwamba gari zingine za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko na prizi ile ile, lakini programu hizi haziongei nazo.

Kwa hiyo, nunua. Andika kode, piga picha ya hali iliyohifadhiwa, kisha uende kwa fundi navyo. Hapo njo atapata shida kukudanganya, na wewe utapata shida kujidanganya.

Makuta ya minervale nililipa mimi, kidogo kidogo. Ile kaptere ya zamani ingali nzima, iko kwangu mu sanduku.

Nyiye wenye mumesha kusoma kode nyumbani: muliandika nini mbele ya kufuta?